Mteja Aweke Kidole Mwenyewe

Jumapili, 12 Januari 2025

Nimefika Tunduma jana. Daftari hili lilikuwa la Bailojia ya Form Four, kurasa za nyuma zilibaki tupu. Peni nimeiokota kwenye droo ya duka la mjomba, haina mfuniko. Sina mtu wa kuongea naye, basi nitaongea na wewe.

Malori! Nimehesabu mpaka thelathini na saba nikaacha. Yamejipanga kuelekea boda kama ng'ombe wanaosubiri josho.

Mjomba Yesaya ni mdogo wake mama. Ana duka la kuchapisha mabango. Anti Tabita, mkewe, yuko Isongole anamuuguza mama yake aliyevunjika nyonga. Hatarudi mwezi huu. Ndiyo maana nimeitwa, nishike nafasi yake dukani mpaka matokeo yatoke. Tumebaki watatu: mjomba, mimi, na Diana, mtoto wao wa darasa la pili.

Jana asubuhi pale Igamba mama alinisindikiza mpaka kituoni, akaniambia kitu ambacho bado nakitafuna. Nenda, huko hakuna kahawa. Kama vile kahawa ni ugonjwa!

Kwangu ni ugonjwa kweli. Kila msimu kikapu changu kinarudishwa, mbichi nyingi kuliko zilizoiva. Baba ananichapa mbele ya vibarua. Ananiita mvivu, anasema naparamia tu nimalize. Na siyo kweli. Mimi ndiye huwa wa mwisho kumaliza, kwa sababu naibonyeza kila punje nijue kama imelainika. Hilo la kubonyeza sijawahi kumwambia mtu. Mama ananiweka mti wa jirani na wake, na mkono wake unaingia kwenye kikapu changu, unachambua, haongei. Aibu yake hiyo.

Sitaki kurudi. Nikifaa hapa, sirudi tena.

Jumatano, 15 Januari

Nimeruhusiwa kugusa mashine!

Ina urefu wa vitanda viwili vilivyoungwa. Kichwa cha wino kinakwenda na kurudi, shii—tak, shii—tak, na fleksi (ile plastiki ya mabango) inatoka taratibu kama ulimi. Nimeipenda. Haikuangalii usoni.

Mjomba ana sheria zake. Asubuhi, kabla ya kazi yoyote, chapa mistari ya kupimia. Mstari ukikatika, kuna tundu la wino limeziba, safisha kwanza. Fleksi ina mpangilio wake kwenye kompyuta na stika ina wake, ukichanganya umeharibu. Usiamini kioo. Kioo ni mwanga na bango ni wino, hao hawajawahi kuwa ndugu. Kipande cha majaribio kikitoka kiache kikauke, halafu kitazame nje, juani, siyo chini ya tyubu laiti.

Na sheria kubwa: mteja aweke kidole mwenyewe. Ukutani kuna chati ya vyumba mia mbili vya rangi. Kila chumba kina namba tu, hakina jina. Mteja anatolewa nje na chati, anaweka sampuli yake juu yake, anatafuta chumba kinachofanana, anaweka kidole. Mjomba anaandika namba. Mteja anatia sahihi. Hakuna kusema "nipe nyekundu nzuri." Leo kaja mama mwenye saluni kule Nakonde, ng'ambo ya boda, muli shani nyingi (salamu za kwao), akaonyesha gauni lake la zambarau akasema fundi wewe si unaiona hii. Mjomba akamwambia, ba mayo (ndiyo mama kwa lugha yao), macho ni yako na hela ni yako, weka kidole. Akacheka mpaka akashika ukuta. Akaweka.

Mjini wanamwita Kidole. Hakuna rangi ya Kidole iliyowahi kurudishwa. Nilisikia fahari.

Na mimi kazi yangu? Ya Anti Tabita. Kipande kikikauka natoka nacho nje, nakilinganisha na chumba kwenye chati, nasema sawa au si sawa. Mjomba anasema vijana mna macho mabichi.

Ijumaa, 17 Januari

Kazi yangu ya kwanza kubwa. Bango la mita sita, kwaya ya kanisa moja huko huko kwetu Igamba, jubilei ya miaka ishirini na tano. Liwe rangi ya sare zao, maandishi ya dhahabu. Jubilei ni Jumapili ya tarehe ishirini na sita.

Ila mteja hakuja. Mwenyekiti wao, Mama Fortunata, amemkabidhi konda wa Kosta kipande cha sare, kimekunjwa ndani ya bahasha. Kwenye simu alisema rangi ni hiyo hiyo ya kitambaa, msinipunguzie msiniongezee.

Mjomba aliduwaa kidogo. Mkono wake ulikuwa umeshika kitambaa, haujui pa kukiweka. Halafu akanipa mimi. Akasema Ando, leo kidole ni chako.

Kidole changu! Nikatoka na chati juani. Kitambaa ni kijani kizito, kama jani la mgomba linaloanza kuchoka. Nikahama chumba kwa chumba, taratibu, kama ninavyochuma. Nilipofika 164 kitambaa kikapotea, sikuona tena mwisho wake. Nikasema mjomba, ni hii kijani, 164. Akasema kijani nzuri.

Kipande cha majaribio kilipokauka alikishika juani muda mrefu. Akauliza, wewe unaonaje? Iko sawa, mjomba. Basi iko sawa.

Tukachapa mita sita. Tumelikunja, kesho linapanda Kosta. Nimefaa!

Jumatatu, 20 Januari

Sijui nianzie wapi.

Saa nne hivi wamefika akina mama watatu, Mama Fortunata mbele, wawili wamevaa sare. Bwana asifiwe. Amina. Hakuna aliyecheka. Wakalitandaza bango barazani, Mama Fortunata akavua viatu akasimama katikati yake.

Akasema, Yesaya mwanangu, sisi tuliomba kwaya. Umetupa jeshi.

Bodaboda wote waliokuwa pale kivulini wakaangua kicheko. Mmoja akapiga saluti! Mwingine akaimba ile ya mchakamchaka. Yule mama mnene akashika pindo la sare yake akalikung'uta juu ya bango. Akasema hii ni damu ya mzee! Damu ya mzee, jamani! Hata kipofu Bartimayo angeiona. Macho yenu mmeyasahau Nakonde?

Nikatazama sare. Nikatazama bango. Sare. Bango.

Zilikuwa rangi moja.

Sisemi zilikaribiana. Moja! Nikawatazama usoni nione kama ni utani. Siyo utani. Mama Fortunata macho yalikuwa yamejaa machozi. Anasema wamechanga mwaka mzima, jana wamelifungua kanisani mbele ya washarika, watoto wakazomea.

Akauliza, nani alichagua rangi hii?

Nilifungua mdomo. Wallahi nilifungua, sauti haikutoka. Ndipo mjomba akasema, mimi.

Mimi! Amesema ni yeye!

Ameahidi bango jipya Jumamosi hii, bila malipo, waje walichukue wenyewe. Walipoondoka nilingoja anipige. Alikaa kwenye stuli, bango miguuni, akawa analitazama kama mtu anayesoma barua ya lugha asiyoijua.

Kwa nini hakunigombeza?

Jumanne, 21 Januari

Nimesafisha vichwa vya mashine mara mbili, si lazima.

Mjomba ameacha macho kabisa, yuko kwenye namba. Amenionyesha kwenye kompyuta: kila chumba cha chati kina mapishi yake, majenta (wino wa wekundu) kiasi hiki, njano kiasi hiki. Ile 164 ina sayani nyingi, wino wa buluu, haiwezi kuwa damu ya mzee hata kwa dawa. Alisema angeyaangalia mapishi Ijumaa angelikamata kosa. Alijilaumu yeye. Damu ya mzee ni kuanzia 112 mpaka 119. Vyumba vinane. Namba zinakufikisha mtaani, akasema, lakini mlango wa nyumba hazikuonyeshi.

Tumevichapa vinane vyote. Akavipiga picha na kitambaa, akamtumia Anti Tabita. Simu ya anti kule Isongole inashika mtandao wa Malawi, jibu limekuja mchana, sauti. Nimeisikia nikiwa nyuma ya mashine. Baba Diana, kwenye simu yangu zote zimekuwa kama ugoro. Picha siyo rangi, unajua mwenyewe. Usichague. Nakuomba usichague wewe.

Sasa kwa nini asichague? Si ndiye fundi?

Nimevitazama vile vipande vinane. Kwangu vyote ni kijani kizito kile kile. Nitasema nini kesho akiniuliza?

Jumatano, 22 Januari

Diana katoka shule saa nane, nilikuwa naandika haya ya jana kuyamalizia. Kaja nyuma yangu anatafuna muwa. Akauliza:

Kaka Ando, kwa nini unaandika na peni ya mwalimu?

Peni gani ya mwalimu?

Si hiyo nyekundu!

Nikamwambia hii ni nyeusi. Akacheka, akadhani namtania. Akanyang'anya daftari, akafungua kurasa za nyuma moja moja. Nyekundu, nyekundu, nyekundu, zote. Umejisahihisha wewe, akasema.

Nimekuwa nikikuandikia kwa wino mwekundu tangu siku ya kwanza! Kwetu barua ya wino mwekundu ni matusi.

Nikachukua simu. Kuna zile picha za madoadoa, za kupimia macho, ndani yake kuna namba. Nilizitazama sita. Madoa tu. Mchanga tu. Diana aliegemea bega langu, mate ya muwa yananidondokea, akawa anasoma kwa sauti kama anasoma ubao. Saba na nne. Tano. Mbili na tisa. Hii rahisi, kaka, mbona husemi?

Nikasema, sioni.

Hakushtuka. Ni mimi niliyeshtuka, kwa alichosema halafu. Alisema, ahaa, kama baba.

Kama baba!

Akaziba mdomo. Akasema mama kamkataza. Akasema tangu chekechea yeye ndiye humwambia baba kalamu ipi ya rangi ipi, mama humchagulia shati. Akaniapisha kwa Mungu nisiseme, akanipa kipande cha muwa kufunga kiapo.

Alhamisi, 23 Januari

Mashati yote ya mjomba ni meupe. Chupa za wino zimeandikwa herufi kubwa kwa mkono wake, wakati zilishakuja na lebo za rangi. "Mteja aweke kidole." Sahihi. "Wewe unaonaje?" — Ijumaa ile hakuwa ananipima. Alikuwa ananiuliza! Ananiuliza MIMI!

Vipofu wawili tumesimama juani na kipande cha plastiki, kila mmoja anaegemea macho ya mwenzake.

Na kahawa. Zile fimbo zote.

Na mtihani wa vitendo wa Kemia, kile kimiminika kinachobadilika rangi. Niliiba jibu la Efraimu, dawati la mbele. Hilo nalo nakiri. Nilidhani kila mtu anabahatisha, ila wenzangu wanabahatisha vizuri.

Halafu nimefungua mwanzo wa daftari hili. Ukurasa wa kumi na tisa. Mwandiko wangu! Colour blindness is a sex-linked trait. Nimechora na vile viboksi vya X na Y. Mama anabeba, mtoto wa kiume anapata. Nimeikariri, nimeijibu kwenye mock, mwalimu ameweka tiki. Full marks. Na hiyo tiki sikuwahi kujua kwamba ni ya rangi nyingine.

Mama anabeba. Bibi alibeba, akampa mjomba, akampa mama ambebee mimi.



Ijumaa, 24 Januari

Nimemwambia. Sikupanga. Mjomba aliweka vile vipande vinane mezani, akasema haya Ando, macho mabichi, tusaidie. Nikasema, mjomba, mimi ile kahawa nilikuwa naibonyeza.

Aliinua kichwa polepole. Hakuuliza kahawa gani.

Akasema, na mimi.

Basi. Baadaye akaniuliza, mama yako anajua? Nikasema sijui. Akacheka kicheko cha kuumia. Akasema, dada yangu Anna? Wakati tuko wadogo yeye ndiye aliyekuwa anachambua kikapu changu kabla baba hajafika. Hakuwahi kusema kitu. Mkono tu unaingia na kutoka.

Nikaona ule mkono. Miaka yote nilidhani ni aibu.

Nenda, huko hakuna kahawa. Ooh, mama.

Mjomba amesema alipoanza kazi aliharibu mabango mawili, tajiri wake akamfukuza. Ndipo akabuni kidole. Watu wakaona ni umahiri, akawaachia waone hivyo. Miaka kumi na tisa. Tabita tu ndiye anajua. Na Diana.

Nikasema kesho ni Jumamosi, Diana haendi shule. Atuchagulie yeye, dakika moja tu, hakuna atakayejua! Nilifurahi kabisa, nikadhani nimeokoa duka.

Akakataa. Akasema mtoto nimembebesha siri yangu tangu hajui kusoma. Inatosha. Kesho Mama Fortunata ataweka kidole mwenyewe, yeye ndiye mwenye sare. Tutamchapia palepale.

Amelala kwenye stuli sasa hivi mchana huu, mdomo wazi. Shati lina doa la wino. Sijui ni la rangi gani na yeye hajui.

Jumamosi, 25 Januari

Niko stoo, nimekaa juu ya roli la fleksi. Nimeambiwa nilete gundi. Gundi ninayo mkononi. Siwezi kutoka.

Wamekuja saba, wote na sare. Kosta ya kurudi inawasubiri. Mvua imekatika, jua limetoka kali. Mjomba kashusha chati, kapanga vile vipande vinane barazani. Mashine ina joto tayari, fleksi imefungwa, ni kubonyeza tu. Amesema, mama, weka kidole.

Mama Fortunata amekunja mikono.

Amekataa! Anasema yeye haweki. Anasema ameambiwa stendi, Kidole hukutega, uweke kidole halafu ikiharibika ni shauri lako, umetia sahihi. Anasema, fundi ni wewe. Fundi wa nguo hamwambii mteja ashike mkasi. Chagua wewe nikuone. Ukichagua sawa nitakuomba radhi mbele ya hawa. Ukikosea, kesho tutasimama mbele ya askofu bila bango, na Igamba yote nitaiambia.

Bodaboda wamesogea. Wale wale. Yule wa saluti amekaa mbele kabisa.

Diana yuko mlangoni kwangu hapa, ameshikilia pazia. Ananinong'oneza, kaka, ni ya tatu, ya tatu kutoka kushoto! Naona mguu wake unavyocheza. Nikitoka sasa hivi nikamnong'oneza mjomba "ya tatu," imekwisha. Duka limepona. Mimi nimebaki hapa Tunduma.

Nimemwambia Diana asubiri. Mjomba anaongea.

Anasema, Mama Fortunata, umesema kweli, fundi achague. Lakini nitachagua kwa kubahatisha. Mimi hiyo damu ya mzee sijawahi kuiona. Tangu nizaliwe. Sare yenu na bango la jeshi kwangu ni kitu kimoja.

Mungu wangu. Kasema! Kasema mbele ya watu wote!

Bodaboda wanatazamana.

Mtu mmoja amecheka, akakatishwa na kofi. Yule mama mnene anauliza, sasa miaka yote hii, mabango yote haya? Mjomba anasema, kwa namba, na kwa macho ya mke wangu, na kwa vidole vyenu.

Sasa ni Mama Fortunata. Sauti yake imeshuka, siyo ya hasira, siyo ya huruma, sijui ni ya nini. Anauliza:

Na yule kijana wako? Mtoto wa Anna wa kule kwetu? Yeye si alikuwepo? Yeye je, haoni?

Mjomba hajibu.

Anajua na hajibu. Hatanisemea.

Diana ameliachia pazia la mlango, limeshuka. Kutoka hapa sasa naona miguu tu chini yake, viatu vya kwaya, vyote vya aina moja, na ndala za mjomba katikati. Vilikuwa vimeelekea barabarani.

Vyote vimegeukia huku.